Sura ya Tano: Mtu wa Ngwe ya Mwisho

Tarehe 22 Januari 2019, matokeo ya kura za Jumba la Heshima la besiboli la Marekani yalitangazwa. Waandishi wa habari za mchezo huo waliopiga kura walikuwa 425, na jina la Mariano Rivera lilikuwa kwenye karatasi zote 425. Kura hizo zilianza kupigwa mwaka 1936. Babe Ruth hakuzipata zote, Willie Mays hakuzipata zote, Hank Aaron naye alinyimwa kadhaa. Wa kwanza kuzizoa bila hata moja kupungua akawa mtoto wa mvuvi kutoka kijiji cha Puerto Caimito, nchini Panama.

Kinachoshangaza zaidi ni kazi aliyoifanya. Rivera hakuwa mpigaji wa kuvusha mipira juu ya kuta, wala hakuwa mrushaji anayeanza mechi na kuibeba mabegani. Alikuwa mrushaji wa akiba. Kwa misimu 19, yote akiwa na New York Yankees, alisubiri mechi ifike ukingoni ndipo aitwe, arushe mipira kumi na tano au ishirini, mechi iishe, watu waende makwao. Ngwe zote alizorusha katika misimu ya kawaida ni 1,283 na ushei. Mrushaji hodari wa kuanza mechi huzifikisha hizo kwa miaka sita au saba tu. Sura hii inaeleza kwa nini kazi inayoonekana ndogo kiasi hicho ilistahili heshima isiyo na mpinzani, nami naiandika nikiamini kwa dhati kwamba ilistahili.

Kazi yenyewe

Mechi ya besiboli ina ngwe tisa, na kila timu hupata zamu yake ya kupiga katika kila ngwe. Zamu huisha wapigaji watatu wanapotolewa. Kila kitu huanzia kwa mrushaji, anayesimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18.44 kutoka mahali anaposimama mpigaji mwenye gongo lake. Mrushaji anayeanza mechi hujitahidi kwa ngwe tano, sita, pengine saba. Kufikia hapo mkono umechoka, na wapigaji waliokwisha kumwona mara mbili au tatu wameanza kumsoma. Hapo kocha hupiga simu uani, ambako warushaji wa akiba wamekaa tangu mechi ianze, na mmoja wao huinuka kupasha mkono moto.

Ni kama kipa anayeingizwa dakika ya mwisho kwa ajili ya penalti, ila huyu huitwa karibu kila siku mbili tatu, kwa msimu mzima wa mechi 162. Anaweza kupasha mkono moto na asiingie. Anaweza kuingia leo, kesho na keshokutwa. Akiingia, hana muda wa kuuzoea mchezo: mpira wake wa kwanza ukienda vibaya, kazi ya wenzake ya saa tatu imepotea.

Kwa miongo mingi uani walipelekwa waliobaki: wazee waliochujuka, wagonjwa wa mabega, na waliojaribu kuanza mechi wakashindwa. Hata takwimu za kuwapima hazikuwepo. Mwandishi Jerome Holtzman wa Chicago ndiye aliyebuni, karibu na mwaka 1960, hesabu ya mechi zilizookolewa, na mwaka 1969 Ligi Kuu ikaikubali rasmi. Kwa kawaida mrushaji huhesabiwa ameokoa mechi akiingia timu yake ikiongoza kwa pointi zisizozidi tatu, akarusha ngwe moja au zaidi, na akaimaliza mechi uongozi ukiwa salama. Mrushaji wa akiba wa kwanza kuingia Jumba la Heshima, Hoyt Wilhelm, aliingia mwaka 1985, karibu nusu karne baada ya kura za kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kocha Tony La Russa wa Oakland alimchukua Dennis Eckersley, mrushaji wa kuanza ambaye wengi walidhani amekwisha, akampa ngwe ya tisa peke yake. Mwaka 1992 Eckersley alishinda tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora pamoja na ile ya mchezaji bora wa ligi yake. Kuanzia hapo kila timu ilitaka kuwa na mmaliziaji wake. Nafasi ilikuwa imepatikana, ikawa inamsubiri atakayeonyesha inaweza kufika wapi.

Kutoka kwenye nyavu

Mariano Rivera alizaliwa tarehe 29 Novemba 1969. Baba yake alikuwa nahodha wa mashua ya uvuvi, na maisha ya Puerto Caimito yalitegemea bahari. Watoto walicheza besiboli ufukweni maji yakishatoka. Glavu walizitengeneza kwa maboksi ya maziwa, magongo yalikuwa matawi ya miti, na mipira ilikuwa vipande vya nyavu kuukuu vilivyozungushiwa utepe. Alipoacha shule Mariano aliingia kwenye mashua ya baba yake, kazi aliyoiona ngumu na ya hatari. Alipokuwa na umri wa miaka 19 mashua ilizama naye akiwamo, wakalazimika kuiacha ili waokoe roho zao.

Besiboli aliichezea timu ya ridhaa ya Panamá Oeste, na hakuwa mrushaji. Siku moja mrushaji wao alizidiwa, Rivera akajitolea kuziba pengo. Habari zikamfikia Herb Raybourn, skauti wa Yankees, ambaye awali alikuwa amemwona kijana huyu kama mlinzi na hakuvutiwa. Safari hii aliona mkono unaorusha kwa ulaini, bila kulazimisha, mpira ukifika pale pale unapotakiwa. Mwezi Februari 1990 akamsainisha kwa dola elfu mbili tatu hivi. Rivera alikuwa na miaka 20, hajui Kiingereza, na hajawahi kuishi nje ya nchi yake.

Msimu wake wa kwanza katika ligi ya chini kabisa, huko Florida, alirusha ngwe 52 na kuruhusu pointi moja tu ya kuhesabiwa juu yake. Hata hivyo hakuna aliyepiga kelele, maana mpira wake haukuwa na kasi ya kutisha. Mwaka 1992 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mwishoni mwa mwaka huo timu mbili mpya, Florida Marlins na Colorado Rockies, ziliruhusiwa kuchagua wachezaji ambao timu nyingine hazikuwakinga. Yankees hawakumkinga Rivera. Hakuna aliyemchukua.

Aliyeshindwa kuanza

Tarehe 23 Mei 1995 Rivera alirusha mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, akiwa mrushaji wa kuanza, dhidi ya California Angels. Alidumu ngwe tatu na ushei, akaruhusu pointi tano, na Yankees wakafungwa 10 kwa 0. Wiki chache baadaye alirudishwa ligi ya chini, Columbus, bega likimuuma. Yankees walianza mazungumzo ya kumbadilisha na David Wells wa Detroit.

Kisha likatokea jambo ambalo bado linasimuliwa. Alipopumzika na kurudi uwanjani mwezi Juni, mpira wake uliokuwa ukienda kilomita 142 hadi 145 kwa saa ulipimwa ukienda zaidi ya 150. Meneja mkuu Gene Michael aliposoma ripoti hakuamini. Alitafuta vipimo vya skauti wa timu nyingine, akakuta kifaa hakikukosea. Mazungumzo na Detroit yakavunjwa. Rivera, mlokole wa imani thabiti, hakuwahi kutafuta maelezo mengine ya kasi hiyo zaidi ya kusema ni zawadi ya Mungu.

Alipoitwa tena New York, bado kuanza mechi kulimshinda. Katika mechi 1,115 za misimu ya kawaida alizoshiriki maishani, alianza 10 tu, zote mwaka huo wa 1995. Ila mwezi Oktoba, kwenye mtoano dhidi ya Seattle, kocha alimwingiza kama mrushaji wa akiba, akarusha ngwe tano na ushei bila kuruhusu pointi hata moja. Anayeanza mechi huhitaji aina tatu au nne za mipira ili asisomwe jioni nzima. Anayeingia kwa ngwe moja au mbili anaweza kuishi kwa aina moja, mradi iwe ya kiwango cha juu kabisa. Kijana aliyeonekana pungufu alikuwa amewekwa mahali pasipo pake.

Mwaka 1996 alirusha zaidi ya ngwe 107 akiwa msaidizi, akimwandalia njia mmaliziaji John Wetteland, na Yankees wakatwaa ubingwa. Wetteland akaondoka. Mwaka uliofuata kocha Joe Torre alimkabidhi Rivera ngwe ya tisa, naye akaanza vibaya, akipoteza uongozi mara kadhaa katika majuma ya mwanzo. Torre alimwita na kumhakikishia kwamba kazi hiyo ni yake na haitaondolewa mikononi mwake. Nadhani maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko zoezi lolote. Mmaliziaji anayerusha akihofia kupokonywa nafasi ana wapinzani wawili, mpigaji na nafsi yake.

Mpira mmoja

Mwezi Juni 1997, Rivera alikuwa akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza kabla ya mechi. Mendoza akaanza kulalamika: mpira ulikuwa ukihepa mwishoni na yeye alishindwa kuudaka vizuri. Rivera hakuwa amebadilisha chochote kwa makusudi. Makocha walihangaika naye kwa siku kadhaa kuunyoosha mpira huo, wakashindwa. Mwishowe wakauacha ulivyo.

Mpira huo huitwa kata. Hutoka mkononi kama mpira wa kasi wa kawaida, ulionyooka, na macho ya mpigaji huusoma hivyo. Ukikaribia kufika, husogea pembeni kwa ghafla, sentimita chache tu. Kwa kuwa Rivera alirusha kwa mkono wa kulia, mpira wake ulimkimbia mpigaji wa kulia na kumwingia wa kushoto kwenye vidole. Safari nzima haifiki nusu sekunde. Mpigaji ameshaamua kuzungusha gongo kabla mpira haujahama. Badala ya kuugonga kwa sehemu nene, anaugonga kwa sehemu nyembamba karibu na mpini, na gongo linapasuka. Katika fainali ya mwaka 1999, Ryan Klesko wa Atlanta Braves alivunjikiwa magongo matatu katika zamu moja ya kupiga. Wapigaji wawezao pande zote mbili, ambao kanuni yao ni kumkabili mrushaji wa kulia kwa upande wa kushoto, wengine waliivunja kanuni hiyo kwa ajili ya Rivera peke yake.

Kila mpigaji wa Ligi Kuu alijua kinachokuja. Alijua ni kata, alijua itaelekea wapi, na bado hakuweza. Siri haikuwa katika kuficha. Rivera alirudia mwendo ule ule, wa mkono, goti na bega, mara elfu baada ya elfu bila kutikisika, na aliweza kuupeleka mpira kwenye ukingo wowote wa eneo la mpigaji. Wala hakuwa mchoyo wa ujuzi wake. Mwaka 2008, kwenye mechi ya nyota wa ligi, Roy Halladay wa Toronto alimwuliza anaushikaje mpira. Rivera akamwonyesha. Halladay akachora kwa kalamu juu ya mpira mahali pa kila kidole, akaondoka nao kama kielelezo. Wachezaji wa Yankees, waliolazimika kupambana na Halladay kila msimu, walimtoza Rivera faini katika baraza lao la chumbani. Mwaka 2019 wawili hao waliingia Jumba la Heshima siku moja, Halladay akiwa amekwisha kufariki.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Rivera aliokoa mechi 652 katika misimu ya kawaida. Anayemfuata, Trevor Hoffman, aliokoa 601, na hakuna mwingine aliyefika 600. Lakini wakosoaji wa hesabu hii wana hoja, na inafaa wajibiwe. Timu inayoingia ngwe ya tisa ikiongoza kwa pointi tatu hushinda mara nyingi mno, arushe nani. Mrushaji wa kawaida aliyepewa nafasi za kutosha atajikusanyia mechi nyingi. Kwa hiyo 652 peke yake haithibitishi ukuu.

Uthibitisho upo kwingine. Warushaji hupimwa pia kwa wastani wa pointi wanazoruhusu kwa kila ngwe tisa. Kwa maisha yake yote wastani wa Rivera ni 2.21, kiwango ambacho wengi hukigusa msimu mmoja tu, kisha kikawaponyoka. Katika mtoano, ambako hubaki timu zenye nguvu tu, alirusha ngwe 141 na kuruhusu pointi 11 za kuhesabiwa. Huo ni wastani wa 0.70. Watu waliotembea juu ya mwezi ni 12. Waliomfunga Rivera pointi za kuhesabiwa kwenye mtoano kwa miaka yote hiyo wamezidiwa nao. Tena katika mechi hizo mara nyingi Torre hakungoja ngwe ya tisa. Alimwingiza ya nane, akamwachia kazi ya watu wawili. Mwaka 2003, kwenye mechi ya saba dhidi ya Boston, alirusha ngwe tatu mfululizo mpaka Aaron Boone wa Yankees alipopiga mpira wa ushindi, naye Rivera akakimbilia kichuguu na kuanguka juu yake akilia. Mara nne, mwaka 1998, 1999, 2000 na 2009, mpigaji wa mwisho wa fainali ya ubingwa alitolewa naye akiwa kwenye kichuguu.

Usiku wa Phoenix

Mtu anayekaa ngwe ya mwisho hawezi kuficha kosa, kwa sababu baada yake hakuna wa kulirekebisha. Tarehe 4 Novemba 2001, mjini Phoenix, Yankees walikuwa mbele 2 kwa 1 katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Arizona Diamondbacks. Rivera aliingia ngwe ya nane na kuwatoa wapigaji watatu kwa straiki, yaani mipira waliyoshindwa kuipiga.

Ngwe ya tisa ilianza kwa pigo safi la Mark Grace wa Arizona. Mpigaji wa pili akagusa mpira taratibu ukabingirika chini. Rivera akauokota, akageuka, akaurusha kituo cha pili, kimoja cha vile anavyovizunguka mpigaji ili apate pointi, ukapotea njia. Kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe, tena la mkono ule ule usiokosea. Baadaye kidogo Tony Womack akasawazisha. Vituo vikajaa, na Luis Gonzalez akasimama kupiga. Torre aliwasogeza walinzi wa ndani karibu ili wazuie pointi. Mchambuzi Tim McCarver, aliyekuwa akitangaza, aliwaeleza watazamaji kwamba wapigaji wa kushoto humpiga Rivera mipira laini inayoangukia nyuma tu ya walinzi, na kuwasogeza kuna hatari yake. Mpira uliofuata Gonzalez aliupiga vibaya, kwa sehemu nyembamba ya gongo, kama wengine wote walivyoupiga. Ukapaa taratibu juu ya kichwa cha mlinzi Derek Jeter na kuangukia nyasi. Arizona wakawa mabingwa.

Siku nane baadaye, ndege ya American Airlines iliyokuwa ikitoka New York kwenda Santo Domingo ilianguka mtaani Queens na kuua wote waliokuwamo. Enrique Wilson, mchezaji mwenza wa Rivera, alikuwa na tiketi ya ndege hiyo. Kwa kuwa Yankees walifungwa, hakukuwa na gwaride la mabingwa la kumchelewesha mjini, naye akasafiri mapema. Rivera alisema waziwazi kwamba ni afadhali walishindwa, kwa kuwa rafiki yake yu hai.

Mwaka 2004 alikuwa ngwe moja tu kabla ya kuwaondoa Boston kwenye mtoano, Yankees wakiongoza mechi tatu kwa bila. Alimpa mpigaji mmoja kituo cha bure, Dave Roberts akaingia badala yake na kuiba kituo cha pili, Bill Mueller akapiga, mechi ikasawazishwa. Kutoka nyuma mechi tatu kwa bila, Boston wakashinda nne mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika besiboli. Aprili iliyofuata Rivera alipotambulishwa uwanjani kwao, maelfu walisimama kumshangilia kwa kejeli. Alicheka na kuwavulia kofia. Msimu huo wa 2005 wastani wake ulikuwa 1.38, mdogo kuliko wowote aliokuwa ameupata hadi hapo.

Jibu la kura 425

Mei 2012, akikimbilia mpira wa mazoezi huko Kansas City, goti lake lilichanika. Alikuwa na miaka 42, na kustaafu kusingemwaibisha. Alirudi mwaka 2013 akaokoa mechi 44, akiwa mchezaji wa mwisho wa Ligi Kuu kuvaa namba 42, ile ya Jackie Robinson iliyostaafishwa ligi nzima mwaka 1997. Msimu huo ulikuwa wa kuaga, na katika kila mji aliomba kukutana na wafanyakazi wa uwanja: wapishi, wakata tiketi, wafagizi, watunza nyasi. Minnesota Twins walimzawadia kiti kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika.

Tangu astaafu kazi hii imebadilika. Timu nyingi sasa hugawa ngwe za mwisho kwa warushaji wengi, kila mmoja akirusha kwa nguvu zake zote, na viwiko vinachanika. Wamaliziaji wanaong'aa miaka mitatu kisha wakapotea ni wengi. Kwa hiyo namba yangu ninayoipenda kuliko zote katika maisha ya Rivera si 652. Ni 80. Hizo ndizo mara alizokabidhiwa uongozi katika misimu ya kawaida akaupoteza, watu hamsini elfu wakimtazama na wenzake wakimsubiri chumbani. Kila mara, waandishi walipokuja, walimkuta amekaa mbele ya kabati lake, akajibu maswali bila kumlaumu mlinzi wala mwamuzi. Siku iliyofuata simu ya uani ilipolia alichukua mpira na kurusha kata ile ile. Wapo waliorusha kwa kasi zaidi yake na wapo waliokuwa na mipira mingi zaidi. Kurudi mara 80 bila kubadilika na bila kukimbia ni kazi ambayo wachache mno wameifanya, na waandishi 425, walioziona siku hizo mbaya kwa macho yao, waliipigia kura wakiijua.